Siku Niliyosema Wewe ni wa Serikali

Chemutai mwanangu,

Uko kwa Mama Sheila unasukwa nywele za safari ya kesho. Wafula amekwenda kukusubiri huko nje kwake, kwa sababu amesema hawezi kuketi nyumba hii akitazama begi lako. Nimebaki mimi na cherehani, na nadhani nina saa mbili kabla hamjarudi. Sitakuandikia habari ya sweta wala ya kuchemsha maji ya kunywa. Hayo unayajua, na mengine ulinifundisha wewe. Nataka kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu mwezi wa nne. Kila nikijaribu, ulimi wangu unakimbilia kukuuliza kama umekula.

Nianze na siku uliyokuja, maana hata hiyo sijawahi kukusimulia kwa ukweli.

Ulikuja Alhamisi, una miaka kumi na mmoja, umevaa raba kubwa zisizo na kamba. Mwezi mmoja kabla ya hapo afisa wa watoto alikuwa amepita kanisani kwetu hapa Tuwan, akaeleza kwamba kuna watoto wanaohitaji nyumba ya kulelewa kwa muda wakati ndugu zao wanatafutwa. Watu wakainamisha vichwa kama wanaombewa. Mimi nikainua mkono. Pasta akanitaja kwa jina, akina mama wakanipigia makofi, na wewe umekua ukisikia hiyo hadithi ya moyo wangu mkubwa. Mwanangu, niliinua mkono kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kutwa nilishona magauni ya harusi ya wasichana niliowazidi umri, na jioni nikizima cherehani nilikuwa namsikia jirani akisonga ugali wa watu sita. Nilikuchukua uniletee kelele.

Na hukuwa na kelele hata kidogo. Ulikaa chini ya meza ukiokota vifungo, ukivipanga kwa rangi. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu bila kuinua uso, "Ili mkinifukuza, nisiwe nimekaa bure."

Nilikuambia hakuna mtu atakufukuza. Nilisema hivyo haraka sana, vile mtu anavyosema kitu kisichomgharimu.

Ilikuchukua miezi minane kuniita jina lingine tofauti na Anti. Nilikuwa namalizia gauni la mteja, na wewe uko mlangoni unasoma. Ghafla ukaita, "Mama, maziwa!" Maziwa yalikuwa yanamwagika jikoni. Nilikimbia nikaepua sufuria, na sote wawili tukajifanya hatukusikia ulichosema. Niliporudi kwenye cherehani nilijidunga sindano kidoleni na sikuona uchungu wowote. Kuanzia hapo nikawa Mama, na nilitembea Kitale nzima kama mtu aliyeongezewa urefu.

Sasa nikueleze habari ya Wafula, Baba Mbegu wako, ingawa wewe ndiye ulimpa hilo jina. Alianza kuja kama mteja, anatoka kwenye duka lake la mbegu na dawa za ng'ombe akiwa na suruali ya kupunguzwa. Akarudi na nyingine. Akarudi tena na ile ya kwanza. Ni wewe uliyeniambia, "Mama, hiyo tulishaikata wiki jana. Akiendelea hivi atakuwa anavaa kaptura." Nilicheka hadi nikalia. Sikuwa nimeona. Msichana wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyenionyesha kwamba napendwa.

Na nilipendwa, Chemutai. Bado napendwa, na hata leo nikiwa na aibu hii yote, nikisikia kikohozi chake pale nje moyo unaruka. Unajua anavyoniita mlembo, kwa sababu ulimi wake wa Bungoma hauna habari na mrembo, na unajua ulivyokuwa unamwigiza, "Mlembo, chai iko tayari," naye anakukimbiza kwa taulo kuzunguka meza. Nilifika miaka thelathini na mitatu bila mtu kuniletea hata parachichi. Yeye analeta parachichi na anauliza kama limeiva vizuri. Nakuandikia haya si kujitetea. Nataka ujue nilikuwa na furaha kiasi gani, kwa sababu mabaya niliyokutendea hayakutoka kwenye shida. Watu husema shida ndiyo hufanya mtu kuwa mchoyo. Mimi nilikuwa mchoyo wakati nimeshiba.

Ile siku ya harusi, Desemba, unaikumbuka. Mimi naikumbuka zaidi.

Tulikuwa tumetoka kanisani tumeingia uani kwa akina Wafula, Kabuchai. Ulikuwa umeshika mkia wa gauni langu, lile tulilolishona pamoja, wewe ukitia shanga kwa mkono jioni tatu mfululizo. Mama mkwe wangu, ambaye baadaye ulimzoea ukamwita Kukhu kama wajukuu wake wengine, alikuwa ameketi na wanawake wa boma. Akakushika mkono. Akaniangalia, akauliza, "Na huyu ni wa nani?"

Wanawake wakanyamaza kusikiliza. Lazima nikueleze nilichosikia mimi. Wiki nzima shangazi zangu walikuwa wamenijaza masikio, kwamba bibi harusi akifika na mtoto mkubwa, boma zima linaanza kuhesabu, huyo mtoto alizaliwa lini, baba yake yuko wapi, Wafula ameuziwa nini. Kwa hivyo lile swali halikuingia masikioni mwangu kama swali. Liliingia kama mashtaka. Na mimi, na gauni langu, na shanga zako juu yake, nikajibu nikitabasamu:

"Huyu? Huyu ni wa serikali, Mama. Nimewekewa tu."

Nimewekewa tu. Kama gunia la mahindi lililoachwa kwa jirani mvua inyeshe ipite. Wanawake walicheka, na mmoja akasema basi serikali ikitutembelea lazima ipewe soda. Nikacheka na mimi. Niliponyanyua macho uliinama, ukalilaza gauni langu kwenye nyasi polepole, lisishike vumbi, ndipo ukaliachia. Kama ungelitupa chini ningekuwa na kitu cha kukukasirikia. Ulilitunza gauni langu wakati mimi nilikuwa nimekuangusha.

Ngoja nikuambie kitu ambacho hujui, nilichoambiwa mwezi wa sita tulipokwenda Kabuchai kupalilia. Nilikuwa na Kukhu kwenye mistari ya mahindi, naye akaniuliza kwa upole kama sheria inamkataza mtoto wa serikali kupokea zawadi. Nikamuuliza zawadi gani. Akaniambia kwamba kwao mtoto akiingia uani kwa mara ya kwanza huulizwa ni wa nani. Wanauliza ili wajue wamwiteje. Anayejibiwa huitwa mjukuu au mpwa, akapewa mahali pa kukaa. Wafula alikuwa amemwambia mapema kwamba anamletea mke na binti. Alijua jibu tayari. Alitaka tu nilitamke mbele ya watu, ndipo naye akukaribishe mbele ya watu. Kuku wako alikuwa amefungwa miguu nyuma ya jiko.

"Uliposema ni wa serikali," akaniambia, "nikaona haya. Nikafikiri labda nikimpa kuku mtaulizwa ofisini."

Yule kuku alipikiwa wapiga picha.

Sikuweza kuendelea kulima. Nilisimama pale na jembe, na Kukhu akadhani nimepigwa na jua.

Baada ya Desemba ukarudi kuniita Anti. Hukusema kwa hasira. Ulisema kwa adabu, vile mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa. Ukaanza kuomba ruhusa ya kunywa maji. Nguo zako zikatoka kwenye kabati, zikarudi begini, na kila jioni ulitoa ya kesho tu. Halafu shule ikafunguliwa, ukapewa ile fomu, na mahali palipoandikwa jina la mzazi au mlezi ukaandika Serikali ya Kenya. Mwalimu alinipigia simu akicheka sana. Nilikuja nyumbani nikakugombeza. Nilikuuliza unataka watu waseme nini juu yangu. Juu yangu, Chemutai. Nawe ukasema, "Pole, Anti," ukachukua kalamu ukaandika jina langu kwa hati nzuri.

Pale ndipo ningekaa chini nikakushika mikono. Badala yake nilianza kukuchukia kidogo. Ni vigumu kuliandika hili neno, lakini ndilo neno lenyewe. Nilikuwa mke mpya, nyumba ina vyumba viwili na pazia katikati. Wafula akinitania upande huu nasikia wewe unafunua kurasa upande ule, nami kicheko kinanifia mdomoni. Nilitaka nyumba ya furaha tupu, na wewe ulikuwa umeketi ndani yake na huzuni niliyokupa mimi. Kila nikikutazama nilijiona. Ilikuwa rahisi kutamani usiwepo kuliko kukuomba msamaha.

Na sasa hili ambalo hulijui, na ndilo limenifanya nishike kalamu.

Mwezi wa nne uliponiuliza ni nani aliyewaambia waanze tena kutafuta ndugu zako, nilikuwa nakata kitambaa. Nikakujibu, "Ni utaratibu wao tu." Ukaenda kuosha vyombo.

Nilikudanganya. Ni mimi. Mwezi wa pili nilimpigia simu afisa wa watoto kutoka sokoni, ili usinisikie. Nikamuuliza wamefika wapi na kutafuta watu wako. Halafu nikaongeza, "Maana mimi sasa nimeolewa." Sikusema zaidi ya hapo. Yule afisa akasema, "Sawa. Nimekuelewa." Alikuwa amenielewa kweli, na ndiyo maana sijaweza kumtazama machoni tangu siku hiyo. Nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani, nikakupikia mayai. Ulishukuru kwa yale mayai.

Huenda ulishajua. Wewe ni mtoto unayesikia hata kisichosemwa. Lakini kujua kwa kukisia na kuambiwa si kitu kimoja, na sitaki uende kwa mama yako mdogo huko Kapsokwony ukijiuliza kama ulikosea mahali. Hukukosea. Hakuna sahani uliyovunja, hakuna neno ulilosema, hakuna alama ya mtihani. Ni mimi nilitaka nafasi.

Kuna sehemu moja ngumu zaidi ya hiyo. Unakumbuka tulivyopanda kwa mama yako mdogo likizo ya Aprili, pikipiki mbili, wewe mbele na Baba Mbegu, mimi nyuma nimefumba macho kwenye ule mteremko. Mama yako mdogo alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akakukumbatia hivyo hivyo, ukawa mweupe mgongo mzima. Akakuita Mama. Nilidhani amekosea, hadi alipotueleza kwamba umebeba jina la mama yake, kwa hivyo kwake wewe ni mama hadi mwisho wa dunia. Akatuambia alivyozunguka tangu dada yake alipofariki, akiuliza kwa chifu huyu na yule, hadi Bungoma mjini, na kila mahali anaambiwa mtoto alichukuliwa, hajulikani aliko. Wewe ukacheka. Chemutai, miaka miwili na nusu nilikuwa nimeishi nawe, na sikuwa nimewahi kusikia hicho kicheko. Kilitoka tumboni.

Nilisimama karibu na pikipiki, Wafula ananifuta vumbi usoni, na hesabu ikanijia yenyewe. Miaka miwili ya kwanza sikumpigia afisa hata mara moja kuuliza habari za ndugu zako. Nilikuwa nakutaka, kwa hivyo niliomba kimya kimya wasipatikane. Nilipouliza, niliuliza kwa sababu sikutaka uwepo. Nilipokupenda nilikuficha, na nilipokuchoka nikakutafutia ndugu zako. Mara zote mbili sikuwa nimekufikiria wewe. Ungeweza kucheka hivyo ukiwa na miaka kumi na miwili.

Yule afisa alitufundisha siku za mwanzo, sisi tuliojitolea kulea, kwamba mlezi hushika mtoto kwa mikono miwili, mmoja wa kumkumbatia na mwingine wa kumfungulia mlango. Niliandika kwenye daftari langu na nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu. Bado liko. Mwandiko mzuri kabisa.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kwake kuomba ubaki. Sikukuambia hilo pia. Nilikuwa nimevaa vizuri, na nilikuwa na maneno mengi. Alinisikiliza yote, akaniambia kwamba amekuuliza wewe mwenyewe mkiwa peke yenu, ukamwambia unataka kwenda, kwa sababu huko wanakujua. Nikamshukuru. Nilifika hadi getini ndipo nikalia. Na hata pale, mwanangu, sehemu moja ya moyo wangu ilitaka akuambie kwamba nilikuja kukuombea, ili unipende. Mwanzo ni kujitafutia nafasi, mwisho ni kujitafutia sifa. Nakuonyesha yote hayo ili siku moja ukiwa na mtoto wa kwako au wa mwenzako mikononi, na ukajisikia mwema sana, usimame kidogo ujiulize ni nani anayenufaika. Mimi sikuwa na mtu wa kunisimamisha.

Jumapili nilimwambia Wafula. Alikuwa anasugua raba zako za shule. Nilimweleza simu ya sokoni, na nilimweleza ule uongo wa "utaratibu wao tu". Aliendelea kusugua raba moja hadi nikaogopa itatoboka. Akaniuliza kama nilifanya hivyo kwa ajili yake. Nikasema ndiyo.

"Mimi niliomba mke na binti," akasema. "Sikuomba kuchagua."

Kisha baadaye kidogo akasema, "Mwambie kabla hajapanda huko juu. Akisikia kwa mtu mwingine, mlembo, usimlaumu akikukataa." Hakuniacha bila hilo jina langu, na nampenda zaidi kwa hilo, lakini hajanitania tena tangu Jumapili. Sasa nasikia vizuri unapofunua kurasa. Kimya ni kile kile nilichokuwa nakikimbia, na safari hii nimekinunua mwenyewe.

Sitakuomba msamaha ndani ya barua hii. Nimefikiria sana. Nikikuomba leo utanipa, kwa sababu una adabu, na kwa sababu kesho unaondoka na hutaki kuacha mtu akilia nyuma yako. Utanipa vile ulivyonipa jina langu kwenye ile fomu, kwa hati nzuri. Sitaki msamaha huo. Kaa na hasira yako kadiri unavyotaka. Ni yako, na huna haja ya kuipanga kwa rangi.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii begini chini ya vitabu, uikute ukiwa umeshafika. Hata jana nilipanga hivyo. Leo asubuhi ndipo nikaona kwamba huo ungekuwa ujanja mwingine wa sokoni, kusema mahali ambapo huwezi kunijibu. Kwa hivyo nitakupa mkononi mkirudi, ukiwa na nywele mpya, kukiwa bado na mwanga. Keti mezani uisome. Baba Mbegu anajua, hataingia. Mimi nitakuwa pale uani kwenye benchi, nikichambua mboga.

Ukimaliza, ukitaka kunifokea, toka unifokee. Majirani wa Tuwan wamesikia makubwa zaidi. Ukitaka kuuliza swali lolote, nitalijibu, na nitajibu ukweli hata kama ni mfupi na una sura mbaya. Kama hutaki kuniona, mwite Baba Mbegu, mkae naye ndani, nami nitasubiri nje. Na kuhusu Desemba, kama tutapanda kuja kukuona au tusipande, usiniambie mimi. Mwambie yeye. Mwambie kesho barabarani, au mwakani, au usimwambie kabisa, ili usilazimike kusema hapana ukinitazama.

Nasikia mnacheka huko nje. Anakuambia nini huyo. Sasa mmenyamaza, mmefika mlangoni, na mimi sijaisoma tena nione kama nimeandika vizuri. Acha iwe hivyo. Naikunja, nakuja kufungua.

Nasimiyu